Meli ya mizigo EVE Online: uliza mzigo kwanza

Ukishaamua kubeba mizigo kwenye EVE Online, mchezo wa kompyuta wa meli za angani, swali la kwanza huwa meli ipi ina tumbo kubwa. Swali hilo lisubiri. Kwanza jua unabeba nini, kina thamani gani na kitapita wapi.

Kwa anayeanza napendekeza meli za Gallente, moja ya mataifa ya mchezo huu, maana wana aina nyingi. Nereus ni ya kujifunzia. Iteron Mark V hubeba chochote. Ukiwa unavuna bidhaa za sayari, chukua Epithal: ina ghala lake la bidhaa hizo tu, mita za ujazo 45,000 hata kabla hujapandisha ujuzi. Mawe ya madini yana Miasmos. Uzuri wa maghala haya maalumu ni kwamba moduli za kupanua shehena haziyagusi, kwa hiyo hulazimiki kuzifunga. Na hizo moduli zina gharama: zinaongeza nafasi, lakini zinakula uimara wa bodi na mwendo. Mgeni akizijaza kwenye Iteron yake anakuwa na gunia kubwa lenye ngozi ya karatasi.

Hapo ndipo bei ya mzigo inapoingia. Hata kwenye mifumo ya nyota yenye ulinzi mkali unaweza kulipuliwa, kwani CONCORD, polisi wa mchezo, huja kuadhibu, hawaji kukukinga. Wanaovizia kwenye mfumo wa Uedama wanaskani mzigo wako, wanapiga hesabu, kisha wanatoa mhanga Catalyst zao, meli ndogo za vita za bei rahisi, ili waokote kitakachosalia kwenye mabaki yako. Hesabu ikiwakataa, wanakuacha upite. Tamaa mbele, mauti nyuma: gawa mzigo safari mbili. Otopailoti nayo iache, inakushusha mbali na geti la kuingilia mfumo unaofuata na kukuacha ujikokote huku wanakutazama.

Ukitoka Jita, soko kuu la mchezo, kwenye kile kituo cha Moon 4, usigeuze pua mlangoni. Weka alama mbali sana, mbele kabisa ya mlango, kwenye mstari uleule wa kutokea. Meli inatoka tayari imeelekea huko, inaingia wapu, yaani mwendo wa kasi wa masafa marefu, papo hapo. Mimi hii hunipa raha kuliko faida yenyewe.

Mikataba ya usafirishaji isome hadi mwisho. Dhamana unayotakiwa kuweka ikiwa kubwa kuliko thamani ya mzigo ni mtego, na kituo cha wachezaji binafsi kinaweza kukunyima ruhusa ya kutia nanga ukiwa umeshafika.

Ukikomaa, Viator ni tamu: inasafiri imejificha na skana haioni ndani yake. Obelisk, lile jitu la mizigo, usiikimbilie. Hiyo kugeuka tu unaweza kwenda kuchemsha chai. Meli huingia wapu ikifikisha robo tatu ya kasi yake ya juu, ndiyo maana wazoefu huja na rafiki mwenye frigeti iliyofungwa webifaya: anakupiga nayo, kasi yako ya juu inashuka, robo tatu inafikiwa haraka, unaondoka. Ila muwe kwenye shirika moja linaloruhusu wenyewe kwa wenyewe kupigana, au mkubaliane dueli kwanza, la sivyo CONCORD watamlipua rafiki yako.