Dawa ya kila siku ipande boti ya kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza: maafa yakiwakumba watu maskini, msaada wa matibabu uanze na nini? Wengi watajibu maji safi, ORS ya wanaoharisha na vyandarua. Siwapingi, kipindupindu hakingoji mtu. Ila naomba tuwakumbuke waliokuwa wagonjwa tangu kabla maji hayajaingia ndani.

Aprili 2024, Mto Rufiji ulipofurika na vijiji vya Rufiji na Kibiti vikazama, nilijitolea kupanga foleni ya wagonjwa kambini. Boksi la msaada lilikuwa na panadoli, antibayotiki, bandeji na dawa za malaria. Bibi mmoja akafungua fundo la khanga. Ndani yake mlikuwa na vidonge vilivyolowa vikawa uji. Muuguzi akamuuliza, "Bibi, hii dawa inaitwaje?"

"Mjukuu wangu, ni ile nyeupe ndogo, ya asubuhi."

Kupima presha, iko juu mno. Kadi yake ya kliniki ilikwenda na maji, na ndani ya boksi hamkuwa na dawa ya presha hata kidonge. Mtu kama huyu akipigwa na kiharusi wiki kadhaa baadaye, nani atamhesabu miongoni mwa waliouawa na mafuriko?

Wanaotumia ARV, dawa za VVU, wana afadhali. Aliyetulia kwenye dawa hupewa za miezi 3, hata 6, na rekodi zake ziko CTC, yaani kliniki ya VVU. Wa presha na kisukari je? Wengi hununua wenyewe, vidonge vya wiki moja, pengine vya siku tano, kadiri mfuko unavyoruhusu. Hata nyumba isiposombwa, akiba ya dawa hana. Bonde la Rufiji kufurika si jambo geni, kwa hiyo fedha za wafadhili ziwanunulie watu hawa dawa za miezi miwili kabla ya masika, wasingoje helikopta.

Zahanati nayo iwe na orodha ya wagonjwa wa kudumu kwa kila kitongoji: jina, dawa, dozi, simu ya ndugu. Nakala ikae wilayani. Siku ya maafa anayepanda boti awe nayo mkononi, pamoja na insulini ndani ya kasha la kubebea chanjo, isigusane na barafu, maana ikiganda haifai tena. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiikosa, siku chache tu zinatosha kumwua.

Msomaji wenu, Ikwiriri