Nameza Dawa ya Kolesteroli, Chapati Je?

SWALI: Nina miaka 52. LDL yangu (ile kolesteroli mbaya) ilikuwa 4.3, daktari akanianzishia atorvastatin ya miligramu 20. Baada ya miezi mitatu imeshuka hadi 2.5. Mayai nimeacha, nyama nakula Jumapili tu, lakini daktari bado anasisitiza nibadilishe chakula. Nibadilishe nini tena, na kwa nini, ikiwa dawa inafanya kazi?
Mama wa Umoja, Nairobi

JIBU: Mama, dawa yako imefanya kazi barabara; dozi hiyo kwa kawaida hushusha LDL kwa asilimia 40 na ushei. Inazuia ini kutengeneza kolesteroli, na ini likipungukiwa huongeza vipokezi vya kunasa LDL iliyo kwenye damu. Mafuta yanayoganda (kwa Kiingereza saturated fat) hufanya kinyume: hupunguza vipokezi hivyohivyo. Wala usitegemee kuongezewa dozi, maana kutoka miligramu 20 hadi 40 unapata nyongeza ya asilimia 6 hivi tu.

Umehangaika na mayai na nyama, lakini mafuta ya kupikia na chai hukuyataja. Huko ndiko tungeanzia. Anayekula kalori 2,000 kwa siku alenge mafuta yanayoganda yasiyozidi gramu 13 hadi 15. Ukipika chapati sita kwa vijiko vikubwa vinne vya mafuta magumu ya kupikia, ukihesabu ya kukandia na ya kupaka, kila moja inabeba gramu 4 hivi za yanayoganda. Mbili tu, zaidi ya nusu ya kiwango imekwisha, na mchuzi bado.

Mafuta ya kupima ya dukani mara nyingi ni ya mawese, ambayo karibu nusu yake ni yale yanayoganda, hata yakiwa majimaji kwenye chupa. Maandishi ya “hayana kolesteroli” yasikuzubaishe. Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya maana. Tafuta ya alizeti: kijiko kikubwa kina gramu 1.5 hivi ya yanayoganda, cha mawese karibu 7. Pima kwa kijiko, usimimine.

Halafu chai. Nusu lita ya maziwa ya kawaida ina gramu 17 za mafuta, na kama 11 kati ya hizo ni yanayoganda. Nunua yaliyopunguzwa mafuta. Kama unanunua ya kupima, yachemshe, yalaze kwenye friji, asubuhi uondoe malai yote kabla ya kuyatia kwenye sufuria ya chai.

Mayai machache kwa wiki hayana neno, ila kama una kisukari muulize daktari kwanza.

Cha kuongeza ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, ambazo hunasa nyongo tumboni na kulilazimisha ini litumie kolesteroli kutengeneza nyingine. Githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, ndengu, au uji wa oti: gramu 75 za oti kavu kwa siku zinatosha kuonekana kwenye vipimo. Ongeza polepole, la sivyo tumbo litajaa gesi na utaacha kabla ya wiki kuisha. Pima tena baada ya miezi miwili au mitatu. LDL ikishuka, hiyo si ruhusa ya kuacha tembe. Ukiacha tembe, LDL itarudi juu ndani ya wiki chache.

SWALI: Dawa yangu ya kolesteroli ni simvastatin. Niimeze saa ngapi? Na ni kweli balungi ni mwiko?
Msomaji, Kawangware

JIBU: Imeze jioni, kwa sababu haikai sana mwilini na ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku. Balungi acha kabisa. Linazuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa hiyo, basi kiasi kinachoingia kwenye damu kinazidi na misuli ndiyo inayoumia. Machungwa ya kawaida na machenza kula bila wasiwasi. Ukipata maumivu makali ya misuli pamoja na mkojo wa rangi ya chai ya rangi, usimeze dozi inayofuata. Nenda hospitali siku hiyohiyo.