Kipande cha Injili kilichoko Manchester: mwaka wake umeandikwa wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika jumuiya yetu mwalimu alituonyesha picha ya kipande cha kale chenye maandishi ya Kiyunani, akasema ni cha Injili ya Yohana, kiliandikwa mwaka 125, na kinathibitisha kuwa Injili haijabadilika hata neno moja. Jirani yangu Mwislamu, ambaye hujadiliana nami kwa heshima, aliniuliza mwaka huo umeandikwa wapi, nikakosa jibu. Naomba ufafanuzi.
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, jirani yako ameuliza swali la msingi, kwa maana mwaka haukuandikwa popote katika kipande hicho. Wataalamu hukiita P52. Ni cha mafunjo, yaani karatasi ya kale iliyotengenezwa kwa matete, kina urefu wa sentimita 8.9 na upana wa sentimita 6, ukubwa unaozidi kidogo tu kadi ya benki, na kimehifadhiwa katika Maktaba ya John Rylands, Manchester, Uingereza. Bernard Grenfell, mtaalamu Mwingereza wa hati za mafunjo, alikipata Misri mwaka 1920, lakini hakuna aliyekitambua mpaka mtaalamu mwenzake, C. H. Roberts, alipokisoma na kukichapisha mwaka 1935. Roberts alilinganisha maumbo ya herufi zake na hati nyingine za kale, akakadiria kuwa ni cha nusu ya kwanza ya karne ya 2. Huo mwaka 125 ni makadirio yaliyorudiwa mno hata yakachukuliwa kuwa tarehe kamili. Mwaka 2005 mtafiti wa hati za kale za Kikristo, Brent Nongbri, alionyesha kwamba mwandiko unaofanana na huo unapatikana pia katika hati za mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa karne ya 3, na kwa maoni yangu hoja yake ni nzito.

Kuhusu kutobadilika hata neno moja, ni vema tukitazame kipande chenyewe. Kimeandikwa pande zote mbili, jambo linaloonyesha kuwa kilitoka katika kitabu chenye kurasa, wala si katika gombo. Upande wa mbele una sehemu ya Yohana 18:31–33, na wa nyuma sehemu ya aya ya 37 na 38, Yesu akiwa mbele ya Pilato. Kila upande una mistari saba, na hakuna hata mmoja uliosalia mzima. Upande wa nyuma imebaki miisho ya mistari tu, hivyo tunasoma “akamwambia”, lakini swali lenyewe la Pilato, “Kweli ni nini?”, lilikuwa mwanzoni mwa mstari unaofuata, katika sehemu iliyopotea. Wataalamu hulirudisha kwa kukadiria idadi ya herufi zinazoenea katika mstari mmoja. Kwa makadirio hayohayo, yale maneno “kwa ajili ya haya”, ambayo katika aya ya 37 husomwa mara mbili, yaelekea hapa yaliandikwa mara moja tu, maana nafasi haitoshi.

Kwa hiyo kipande hiki hakiwezi kubeba dai la mwalimu wenu. Hata hivyo, alikuwa na haki ya kukithamini, kwa kuwa ni miongoni mwa mabaki ya kale kabisa ya Agano Jipya tuliyo nayo, na maneno yake machache yanatambulika mara moja kuwa ya Injili hiyohiyo tunayoisoma. Picha za pande zote mbili zimewekwa na maktaba hiyo kwenye intaneti. Mwombe mwalimu awaonyeshe na upande wa nyuma.