Fuata Mchirizi Mchangani: Ushauri kwa Anayetaka Kuwaona Koa wa Ngao

Kwa misimu miwili ya kaskazi niliwatafuta koa hawa wa baharini, jamaa za konokono, mahali ambapo hawapo. Nilikuwa nimeona picha ya mmoja wao, mweusi kama kaniki na mwenye madoadoa ya manjano, nikajiaminisha kwamba kiumbe mwenye pambo la namna ile hawezi kukaa kwengine isipokuwa kwenye matumbawe, pamoja na samaki wa rangi. Basi kila bamvua nilishuka pwani ya Jambiani, Zanzibar, nikavuka eneo refu la mchanga na majani ya bahari hadi kwenye mwamba yanapovunjikia mawimbi, nikainama huko kwa saa nzima, kisha nikarudi mikono mitupu huku maji yakinifuata kwa nyuma.

Aliyenitoa katika upofu huo ni shangazi yangu, ambaye hulima mwani katika pwani hiyo hiyo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Jambiani na kwa jirani zao wa Paje mwaka 1989, na wanawake walioinamia kamba na vigingi kwa miaka yote hiyo wanaujua mchanga wa pale kuliko wengi wenye vitabu. Siku moja nilimpitia nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Kila siku nakuona unakwenda mwambani na kurudi. Kuna nini huko?" Nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama, akacheka kidogo, kisha akanyoosha kidole chini ya kamba zake, kwenye maji yasiyofika magotini. "Huyu si huyu anayechora mchanga?" Palikuwa na mstari mwembamba uliopindapinda kama mwandiko wa mtoto, na penye mwisho wake, tulipongoja kidogo, mchanga uliinuka na koa mwenyewe akatokeza kichwa.

Ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli mwingine wote umo ndani yake, ni huu: usitafute rangi, tafuta mchirizi. Shangazi humwita kiumbe huyu mdudu wa mchanga. Mimi humwita koa wa ngao, kwa sababu kichwa chake ni kipana na bapa kama ngao, na ngao hiyo ndiyo jembe lake. Koa wengine wa baharini, wale wanaopendwa sana na wapiga picha, wana pembe mbili kichwani na hutambaa juu ya mwamba wakionekana na kila mtu. Huyu hana pembe, kwa maana zingemzuia kupita chini ya mchanga. Viungo vyake vya kunusia vimewekwa ubavuni mwa kichwa, chini ya ukingo wa ngao, na mwili umefunikwa kwa mabawa mawili ya nyama yanayokunjwa juu ya mgongo ili mchanga usiingie ndani. Kazi iliyobaki hufanywa na ute: koa hujitengenezea tandiko la ute, akapita juu yake, na tandiko hilo likishikamana na chembe za mchanga ndilo linalokuwa ule mstari tunaouona.

Mchirizi una mwanzo na mwisho, na anayeanza mara nyingi hufuata upande usio wake. Tazama kingo za mstari. Upande wa zamani kingo zimelainika na vumbi la bahari limeshatua juu yake. Upande mpya kingo ni kali, na aghalabu mwisho wake pana kituta kidogo kama kwamba mtu amefukia punje ya kunde. Ukifika hapo usichimbe. Simama upande ambao kivuli chako hakiangukii maji, hesabu dakika tano kwa subira, na mara nyingi atatoka mwenyewe. Niliwahi kuchimba kwa kidole, na nilichopata ni maji yaliyotibuka na koa aliyejikunja kama tonge, asiyetaka tena kujifungua mpaka maji yalipoanza kujaa.

Utakayemwona kwanza, kama bahati ni yako, huenda akawa wa jamii ya Chelidonura. Jina hilo ni la Kiyunani, na maana yake ni mkia wa mbayuwayu, kwa sababu sehemu ya nyuma ya mwili huishia kwa ncha mbili ndefu, na ncha ya kushoto kwa kawaida huwa ndefu kuliko ya kulia. Ana urefu wa sentimita chache tu. Kombe analo, lakini limepungua likawa kipande chembamba kilichofichwa ndani ya nyama, upande wa nyuma. Aina ile ya madoadoa iliyonipoteza njia, Chelidonura punctata, iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1903 na Charles Eliot, na jambo hili hunichekesha kila ninapolikumbuka, kwa sababu mtu huyo hakuwa bwana wa maabara bali alikuwa Kamishna wa Uingereza katika Himaya ya Afrika Mashariki, kuanzia 1900 hadi 1904. Mchana alitawala, na nafasi alizozipata alizitumia kuchunguza koa, pamoja na wale waliokusanywa Zanzibar. Katika habari za utawala wake mengi yanabishaniwa. Katika habari za koa, baadhi ya majina aliyoyatoa bado yanatumika.

Si wote wa ukoo huu waliopoteza kombe. Yule mwenye kombe la mviringo kama yai, lenye mabaka ya kahawia na waridi, ambalo watoto wa pwani huliokota likiwa tupu, ni Bulla ampulla, aliyepewa jina na Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Uswidi, mwaka 1758. Mwenyewe akiwa hai hutoka usiku, na mchana hulala chini ya mchanga. Mwengine ni Lamprohaminoea cymbalum, mdogo kama punje ya mbaazi au zaidi kidogo, mwenye kombe jembamba linaloonyesha mwili wa kijani wenye madoa ya rangi ya machungwa. Huyu hula mwani mdogo mdogo, na wakati mwengine hutokea kwa wingi mahali pamoja. Na kuna wale wa jamii ya Sagaminopteron, ambao ndio pekee ninaokuruhusu uwatafute kwenye mwamba, kwa sababu hukaa juu ya sifongo wa kijivu na kuula, na kutoka humo huchukua kemikali zinazowafanya wasiwe chakula kitamu kwa samaki. Wakisumbuliwa hufungua mabawa yao na kupiga maji kama popo, wakaelea hatua moja au mbili, kisha wakatua.

Sasa niseme kosa langu kubwa, nikitumaini kwamba halitarudiwa. Nilipokwisha kujifunza kufuata mchirizi, nilipata siku moja koa wanne, nikaona ni busara kuwachukua nyumbani ili niwachore kwa utulivu. Niliwatia wote katika chupa ya achari iliyooshwa, wawili wakiwa wale wa kijani wenye kombe, na mmoja mkubwa wa rangi ya krimu na kahawia wa jamii ya Philinopsis. Nilipofika barabarani kungoja daladala, wa kijani alikuwa amebaki mmoja. Nilidhani amejificha. Nilipofika nyumbani hakuwapo hata yule wa pili, na yule mkubwa alikuwa ametulia chini ya chupa, mwili umemvimba upande mmoja.

Ndipo nilipoelewa kwamba wengi wa koa hawa wa ngao ni wawindaji, tena wawindaji wasiotafuna. Konokono wa kawaida ana ulimi wenye meno madogo kama tupa, lakini karibu jamii yote ya Chelidonura na Philinopsis wameupoteza ulimi huo, na mahali pake wana koo la misuli ambalo hutolewa nje kwa ghafula na kumvuta mnyama mzima ndani. Chelidonura hupenda minyoo bapa. Philinopsis humeza minyoo mengine na hata koa jamaa zake pamoja na kombe. Na humpataje? Kwa mchirizi. Koa huingia katika njia ya ute ya mwenzake, akaifuata mpaka amfikie, kama sisi tulivyomfuata yeye.

Kule pwani ya California kuna ndugu yao mkubwa, Navanax inermis, anayeweza kupita sentimita ishirini, ambaye naye huwinda kwa njia hiyo hiyo. Wachunguzi walieleza mwaka 1977 kwamba koa huyo akiguswa vibaya humwaga kitu cha manjano katika ute wake, na mwenzake anayemfuata kwa nyuma akikifikia kitu hicho huacha njia na kugeuka. Kwa hiyo ule mstari mchangani ni zaidi ya alama ya miguu, ikiwa neno miguu linafaa kwa asiye nayo: ndani yake zimo habari za aliyepita, na pengine onyo.

Usiwachukue, basi. Hata akiwa peke yake chupani, koa anayekula aina moja ya minyoo hana cha kula humo. Wafugaji wa samaki wa mapambo hununua Chelidonura varians ili asafishe minyoo bapa katika matangi yao, naye huisafisha kweli, kisha minyoo ikimalizika hufa kwa njaa. Pale penye hifadhi, kama kisiwa cha Chumbe, kuchukua kiumbe hai ni kuvunja sheria, lakini mimi ningekuomba uache hata pale pasipo mlinzi.

Kuhusu wakati, fuata mwezi. Katika siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Zanzibar hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na tena usiku kwa saa kama hizo. Fika saa moja kabla, utembee na maji yanayotoka, kwa maana michirizi iliyo mipya huonekana vizuri zaidi chini ya maji ya kina cha kiganja kuliko kwenye mchanga uliokwisha kukauka. Wakati wa kusi upepo hukunja uso wa maji na usione kitu. Kaskazi ikipoa, au katika siku za matlai, maji huwa kama kioo. Usiku kuna koa wengi zaidi, ila nenda na mwenyeji anayejua maji yanakorudia, maana nimewahi kuona mtu mzima akilia kwa kuzungukwa na maji gizani.

Vaa viatu vya raba vyenye soli ngumu. Konokono yeyote mwenye kombe zuri la umbo la pia asishikwe kabisa, hata kwa mtoto anayeomba, kwa sababu baadhi yao wana mshale wenye sumu inayoweza kuua mtu. Usipite kati ya kamba za mwani bila kuomba ruhusa kwa wenyewe: salimu, eleza unachotafuta, na usishangae ukiambiwa mambo ambayo hukuyasoma popote. Ukipiga picha, piga kutoka ubavuni na chini, si kutoka juu, ili ngao na mkia vionekane. Ukitumia simu ndani ya mfuko wa plastiki, subiri viputo viondoke kwenye kioo. Kila picha iandikie tarehe, mahali, kina cha maji na alichokuwa juu yake, kwani picha isiyo na mahali haimsaidii mtu yeyote anayetaka kujua koa yupi anaishi wapi.

Ukiwakuta wawili wamegusana, kaa mbali kidogo na utazame. Wote ni huntha, kila mmoja dume na jike kwa wakati mmoja, na kwa hiyo kuna kushindana juu ya nani atatoa na nani atapokea. Katika koa wadogo mno wa jamii ya Siphopteron, wenye urefu wa milimita chache, watafiti waliowachunguza Australia waliona kwamba kila mmoja humchoma mwenziwe kwa kiungo chenye ncha na kumtilia maji ya tezi mwilini. Aina moja humchoma hasa kwenye paji la kichwa. Sikuliandika hili ili kumtia mtu haya, bali nimeona watu wakiwatenganisha kwa kijiti wakidhani wanapigana.

Baada ya hapo hutagwa mayai, nayo ndiyo ambayo wageni hukanyaga bila kujua. Huwa katika uzi wa utelezi uliokunjwakunjwa ukawa kama donge la tambi, jeupe au la manjano hafifu, lililoshikizwa kwenye mchanga au kwenye shina la majani ya bahari. Ndani ya uzi zimo nukta nyingi mno, na kila nukta itatoa kiluwiluwi chenye kombe kitakachochukuliwa na maji kabla ya kurudi chini. Nikilipata donge la namna hiyo huweka jiwe dogo jeupe hatua moja kando yake, na kumwonyesha shangazi ili asipigilie kigingi hapo. Bamvua inayofuata narudi; jiwe nalikuta limezama nusu, donge halipo, na pembeni pana mchirizi mwengine unaoelekea kwenye kamba za mwani.