Nikirudi kazini watanipokonya kadi ya bima?

SWALI: Shikamoo Anti. Niko Houston, Texas, nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee mpaka mgongo ukaharibika kwa kuinua watu, nimefanyiwa oparesheni 2, sasa huu mwaka wa 4 napokea SSDI (cheki ya serikali ya ulemavu kwa aliyewahi kufanya kazi) na Medicare, bima ya afya ya serikali, ninayo. Nimepata kazi ya kupokea simu nikiwa nyumbani, nusu siku, ila haina bima. Wenzangu kanisani wanasema nisithubutu, mshahara wa kwanza tu ukiingia kadi inakatwa na sindano za mgongo nitajilipia. Mwaka jana nilisaidia duka la dada mmoja miezi 2 akanilipa, niliripoti lakini tangu hapo silali. Na mdogo wangu wa kiume ana sukari, miguu inamsumbua, hana bima wala mtoto, anasema bora aombe disabiliti atibiwe. Nimshauri nini? (Mama Wawili)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na mgongo. Wewe hung'ang'anii cheki, unang'ang'ania kadi, na wala sikushangai. Hiyo kadi umeisotea: miezi 5 ya mwanzo hata cheki hupewi, halafu 24 mingine ndo Medicare inafunguka, jumla 29 mtu anaumwa na bima hiyo haipo. Aliyepita humo haichezei.

Ila hao wa kanisani wamechanganya cheki na kadi, na havikatwi siku moja. Una miezi 9 ya kujaribu kazi, si lazima ifuatane, inahesabiwa ndani ya miezi 60, na humo unakula mshahara na cheki yako nzima. Kwa 2025 mwezi ulihesabika ukiingiza zaidi ya dola 1,160 kabla ya makato. Ikiisha yote 9 kuna miezi 36 ambayo cheki inasimama ule mwezi uliovuka kiwango (kwa 2025 kilikuwa dola 1,620), ukishuka inarudi. Na Medicare? Baada ya ile 9 inaendelea angalau miezi 93, ni miaka 7 na miezi 9, mradi mgongo wenyewe haujapona kwa macho ya Social Security, ofisi inayokulipa cheki. Kinachobadilika ni malipo ya Part B, ile sehemu ya Medicare ya madaktari, sasa wanakukata kwenye cheki, cheki ikisimama bili inakuja nyumbani, kwa 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi. Usiipuuze hiyo bahasha! Na kazi ikikushinda ndani ya miaka 5 unaomba kurudishiwa cheki bila kuanza maombi upya. Nusu siku ya simu inawezekana hata hicho kiwango usikifikie.

Mdogo wako ndo ananiumiza kichwa. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani iliziachia serikali za majimbo ziamue zenyewe kupanua Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, au la, Texas ikakataa mpaka leo. Kwa hiyo mwanaume asiye na mtoto, hata awe fukara vipi, mlango wake ni ulemavu. Angekuwa Columbus kule Ohio angeingia kwa kipato tu, kwa 2025 ilikuwa chini ya kama dola 21,600 kwa mwaka, bila kumwonyesha mtu mguu. Huku inabidi athibitishe hawezi kazi, kwa hiyo anaacha kazi anayoiweza ili asubiri barua ya uamuzi, na barua ikisema hapana amekosa vyote viwili. Mimi naona huo ni mtego, si uvivu wa mtu.

Kama anaingiza zaidi ya dola 15,650 kwa mwaka (kiwango cha bima ya 2026) aangalie bima yenye ruzuku kwenye Marketplace, soko la bima la serikali, dirisha la kujiandikisha hufunguliwa Novemba. Akiwa chini ya hapo na anaishi Harris County, kaunti ya Houston, aende Harris Health, hospitali za umma za kaunti hiyo, aombe kupunguziwa gharama, wanaangalia kipato. Miguu ya mwenye sukari haingoji barua.

Wewe sasa, kabla hujasaini kazi piga Social Security uombe karatasi inaitwa BPQY. Inaonyesha miezi mingapi ya majaribio umeshatumia, na ile 2 ya dukani kama imehesabiwa utaiona humo.