Mjukuu wangu na kami wa mtaani kwenu

Mwanangu,

Marahaba. Unaniuliza mtoto apelekwe jinja gani, yaani nyumba ya ibada ya kami, miungu yetu Wajapani, ili atambulishwe: ya kijiji cha baba yako huku Nara, au ile ndogo iliyo nyuma ya nyumba yenu Tokyo. Unaogopa kwamba ukimpeleka ya Tokyo utakuwa umeukana ukoo. Ondoa hofu, mpeleke hiyo hiyo ya mtaani.

Ni kweli kami anayemlinda mtoto tunamwita ujigami, na maana yake ni kami wa ukoo. Jinja ya Kasuga Taisha ya hapa Nara ilianzishwa mwaka 768 kwa ajili ya ukoo wa Fujiwara, na kati ya kami wake wanne, Ame-no-Koyane ndiye waliyemhesabu kuwa babu yao. Lakini Takemikazuchi je? Yeye alitoka Kashima, mbali kabisa, wanasema akiwa amepanda kulungu mweupe, ndiyo maana kulungu wa Nara wanaheshimiwa mpaka leo. Hakuwa babu yao, na bado walimpokea awalinde.

Kisha vijijini watu wa koo mbalimbali wakaishi pamoja, wakalima pamoja, wakabeba pamoja kiti cha kami siku ya sherehe. Wote wakawa ujiko, watoto wa kami mmoja. Kami wa pale ulipozaliwa ana jina lake, ubusunagami, ila siku hizi wengi husema ujigami tu. Mwanao amezaliwa Tokyo. Atakayemwona akikimbilia shule kila asubuhi ni kami wa hapo, na majirani zako ndio ujiko wenzake. Huku Nara mtakuja naye mwaka mpya, tumtambulishe.

Wewe tulikupeleka jinja ukiwa na mwezi mmoja. Kwa desturi anayembeba mtoto ni bibi mzaa baba, basi bibi yako alikupakata, kimono cha sherehe kikafunikwa juu yako na kamba zake zikafungwa nyuma ya shingo yake. Ulikuwa umelala fofofo. Tulipofika mbele ya kami, nikamwona anaingiza mkono chini ya kitambaa, anakufinya. Ulilia! Nilitaka kukunyakua. Baba yako akanishika mkono, akaninong'oneza: mtoto analizwa ili kami asikie sauti yake, amjue kuwa ni wake.

Safari hii bibi mzaa baba ni mimi. Kimono kile nimekitoa sandukuni, nakianika kivulini. Nitafinya kidogo tu, kwenye paja. Mwambie mke wako mapema, asije akashtuka kama nilivyoshtuka mimi.

Mama yako