Jiko la Chuma: Jipya au Lililokarabatiwa?

Swali: Mhariri, pokea salamu kutoka Karen, Nairobi. Mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua nyumba ya zamani ambayo chumba chake cha kupikia ni kipana na kina dohani ya mawe iliyokaa muda mrefu bila kutumiwa. Tungependa kuweka lile jiko zito la chuma cha kusubu, la kupikia na kuoka, ambalo pia litatupasha joto wakati wa baridi ya Julai. Muuzaji mmoja wa Industrial Area analo jiko la kuni la milango minne lililotoka katika shamba fulani la Molo. Anadai kwamba limekarabatiwa lote, na bei yake ni shilingi 380,000. Mume wangu naye ameletewa bei ya jiko jipya la umeme kutoka Uingereza, zaidi ya shilingi milioni 1.8 kabla ya kodi. Yeye anahofia kununua ubovu wa mtu mwingine. Mimi nahofia bili ya kila mwezi. Mnatushauri vipi?
*Msomaji, Karen*

Jibu: Anzeni na nishati, umri wa jiko ufuate baadaye. Majiko mliyoyataja yanafanana kwa sura tu, kwa maana moja linakula kuni na jingine umeme, na tofauti hiyo itaamua gharama zenu kwa miaka mingi kuliko hiyo bei ya dukani.

Jiko la mumeo, ikiwa ni la ule mtindo wa asili wa AGA, hufanya kazi kwa kuhifadhi joto. Mbunifu wake, Mswidi Gustaf Dalén, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 1912, alilitengeneza mwaka wa 1922 akiwa tayari amepoteza uwezo wa kuona kutokana na mlipuko. Wazo lake lilikuwa kwamba moto mdogo usiozimwa upashe chuma kingi kilichofunikwa vizuri, na mpishi akute tanuri na mabamba yakiwa moto saa yoyote. Katika nyumba ya Uingereza yenye baridi miezi mingi, joto linalovuja kutoka kwa jiko kama hilo halipotei bure. Hapa Nairobi mtalishukuru kuanzia Juni hadi Agosti, lakini ifikapo Februari mtakuwa mkifungua madirisha ili kutoa nje joto mlilolilipia.

Tena mtalilipia hasa. Jiko la umeme la tanuri mbili ambalo halizimwi huweza kutumia takriban uniti 200 kwa wiki. Hata mkikadiria shilingi 25 kwa kila uniti, hiyo ni shilingi 5,000 kwa wiki, yaani zaidi ya 20,000 kwa mwezi kabla hamjawasha taa wala kupiga pasi. Yapo majiko mapya ambayo kila bamba na kila tanuri huwashwa na kuzimwa peke yake, nayo hutumia umeme kidogo zaidi. Mumeo amuulize muuzaji, kwa maandishi, ni la aina gani analomuuzia. Kwa upande wa volteji hamna shida, kwa sababu Kenya hutumia 240 na plagi ya pini tatu za mraba kama Uingereza. Shida ni kwamba jiko jipya lina vidhibiti vya kielektroniki, na umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, hivyo kifaa cha kulikinga ni cha lazima. Kumbukeni pia kwamba shehena hukaguliwa kwa viwango vya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla ya kupakiwa melini, na kwamba VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya bei, bima, usafirishaji na ushuru wa forodha kwa pamoja. Ile milioni 1.8, basi, ni mwanzo tu wa hesabu.

Kwa sababu hizo, na kwa kuwa dohani mnayo, mimi naegemea jiko la Molo. Halitawaka usiku kucha kama lile la kuhifadhi joto. Mtalikoka alfajiri, na baada ya saa moja hivi mtaanza kuoka. Hata hivyo, naliegemea kwa sharti kwamba neno "limekarabatiwa" lithibitishwe kipande kwa kipande, maana kuna wauzaji ambao ukarabati wao wote umetoka katika kopo la rangi nyeusi.

Chuma cha kusubu chenyewe hakizeeki upesi. Vinavyochakaa ni vile vinavyokizunguka: kamba ya kuziba moshi kwenye milango, matofali ya moto yaliyopangwa ndani ya kikasha cha kuni, chanja inayobeba makaa, bawaba, na vemikulaiti au unga mwingine wa kuhifadhi joto uliojazwa kati ya kuta. Jiko lililokarabatiwa kweli limefunguliwa lote, vipande vikasafishwa, viungio vikazibwa upya kwa saruji ya kustahimili moto, na hivyo vinavyochakaa vikabadilishwa. Mwombeni muuzaji picha za jiko likiwa limefunguliwa. Fundi aliyefanya kazi hiyo huwa nazo, na asiyekuwa nazo aeleze ni kwa nini.

Nendeni kulikagua likiwa baridi, mkiwa na tochi, nyundo ndogo, rula ndefu ya chuma na karatasi. Gongeni kila bamba na kila mlango taratibu: chuma kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti butu. Washeni tochi ndani ya kikasha cha kuni, mfunge milango, kisha duka litiwe giza. Mwanga ukionekana kwenye viungio, moshi nao utapita hapo hapo. Ingizeni tochi hiyo katika tanuri pia, mkitafuta ufa kwenye ukuta unaopakana na moto, kwa sababu huo ndio unaochoka kabla ya kuta nyingine, na ukipasuka mikate yenu itanukia moshi milele. Bananisheni karatasi katika mlango uliofungwa na kuivuta. Ikichomoka bila kukinza, kamba imekwisha au mlango umepinda. Mwisho, simamisheni rula juu ya bamba la kupikia. Bamba lililobonyea katikati halipeleki joto kwa sufuria ipasavyo, na hapo niongeze kwamba zile sufuria zetu nyepesi za alumini, ambazo matako yake hubetuka baada ya miezi michache, hazifai kwa jiko hili hata likiwa jipya. Tengeni fedha za sufuria nzito zenye kitako bapa.

Rangi nayo ichunguzwe. Enameli ya kweli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma katika tanuru la nyuzi 800 hivi, na haiwezi kurudishwa kwa kupuliziwa. Angalieni nyuma ya bawaba na chini ya reli ya taulo: mkiona vumbi la rangi limeparamia skrubu, jiko limepakwa rangi tu. Hilo halizuii kupika, ila bei ishuke.

Mambo mawili yanahusu usalama na sitayapitia juu juu. La kwanza ni boila. Majiko mengi ya mashambani yalikuwa na boila nyuma ya kikasha cha kuni kwa ajili ya maji ya kuoga. Ikiwa mabomba yalikatwa na ncha zake zikazibwa huku ndani mmebaki maji, moto ukiwashwa mvuke hukosa pa kutokea, na boila huweza kulipuka kwa nguvu ya kuua. Muuzaji awaonyeshe kwamba boila limeondolewa, au limetobolewa na kuachwa wazi. Kama mnataka litumike, liunganishwe na fundi wa mabomba anayelielewa, likiwa na bomba la kutoa mvuke lisilo na vali. La pili ni asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Uingereza ilikamilisha marufuku yake mwaka wa 1999, kwa hiyo kamba na mbao za kuzuia joto katika jiko la miongo ya nyuma zaweza kuwa za asbesto. Mkikuta kamba kuukuu ya kijivu inayochanikachanika, msiikwangue wala msiipulize. Kazi hiyo apewe mtu mwenye vifaa na idhini ya kuishughulikia, na gharama yake iwe juu ya muuzaji.

Je, vipuri? Hapa ndipo watu wengi hudhani jiko jipya linashinda, lakini kibao cha kielektroniki kitasafiri kutoka Ulaya huku mkila chakula cha kununua, ilhali chanja iliyoungua yaweza kusubiwa upya katika viwanda vidogo vya Kariobangi kwa kutumia ile ya zamani kama kielelezo. Mjue tu kwamba chuma hiki hunywea kwa takriban asilimia moja kinapopoa, hivyo kipande cha sentimita 50 kilichonakiliwa moja kwa moja hutoka kikiwa kifupi kwa milimita 5. Kwa chanja hilo halina neno, kwa kuwa inahitaji nafasi ya kutanuka ikishika moto. Kwa mlango, milimita hizo tano ni moshi jikoni, na fundi lazima akuze kielelezo kwanza.

Kuhusu nyumba yenyewe, dohani ya mawe iliyolala miaka mingi huenda ikawa na viota vya ndege na nyufa zisizoonekana kutoka chini. Isafishwe, kisha ijaribiwe kwa moshi kabla hamjalipa hata shilingi, na ikiwezekana itiwe bomba la chuma cha pua ndani. Kimo cha mita 4.5 hivi kutoka juu ya jiko ndicho kinachopendekezwa kwa kawaida, nami nisingepunguza hapo, kwa kuwa katika mwinuko wetu hewa ni nyepesi na mvuto wa moshi hupungua kidogo. Acheni tundu la hewa lisilozibika ukutani, kwani gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na imeua wengi waliolala na jiko la makaa ndani. Sakafu ya saruji itabeba uzito bila taabu, lakini ikiwa jikoni kwenu kuna mbao zilizoinuliwa, kama ilivyo katika nyumba nyingi za zamani, mwiteni mhandisi.

Malipo yagawanywe: sehemu mkiliagiza, sehemu likifikishwa na kuunganishwa, na iliyobaki baada ya kuliona likiwaka kwenu kwa siku mbili au tatu, moto ukianza mdogo na kuongezwa polepole ili saruji mpya ikauke bila kupasuka. Muuzaji akikataa mpango huo, hapo nitakubaliana na mumeo.

Swali: Naishi ghorofa ya nne huko Kileleshwa na nimeuziwa wazo la jiko la aina hii lililokarabatiwa, linalotumia mafuta ya taa. Linafaa?
*Msomaji, Kileleshwa*

Jibu: Halifai. Huna dohani, jiko lina uzito wa kilo mia kadhaa, nalo laweza kunywa lita 40 za mafuta kwa wiki. Tangu tozo ya shilingi 18 kwa lita ilipowekwa mwaka wa 2018 ili kuzuia uchanganyaji wa mafuta, mafuta ya taa si tena nishati ya bei nafuu. Soma bei ambazo EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza kila tarehe 14 na ufanye hesabu yako. Nunua jiko la gesi lenye oveni nzuri.

Swali: Jiko langu la chuma lililokarabatiwa linapika vizuri, lakini githeri ninayoiacha katika tanuri ya chini usiku kucha huamka ikiwa bado ngumu, na mara moja watoto waliumwa na tumbo. Je, nimeuziwa jiko bovu?
*Msomaji, Lang'ata*

Jibu: Huenda jiko ni zima. Tanuri ya chini imekusudiwa kuendeleza chakula ambacho tayari kinachemka, na hapa Nairobi maji huchemka katika nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagwe huchelewa kuiva popote uyapikapo. Lililo zito zaidi ni kwamba maharagwe mekundu yana sumu ya asili ambayo joto la chini haliiharibu. Yaloweke usiku, umwage maji hayo, uyachemshe kwa nguvu pamoja na mahindi juu ya bamba la moto kwa nusu saa, kisha ufunike sufuria na kuisukuma ndani ikiwa bado inatokota. Weka pia kipimajoto cha oveni katikati ya tanuri; kikisoma chini ya nyuzi 90 baada ya saa mbili za moto mzuri, mwite aliyekuuzia aje aangalie njia ya moshi inayozunguka tanuri, kwani mara nyingi huwa imejaa masizi ambayo hayakukwanguliwa wakati wa ukarabati.